Chakula kwa Idhini ya Bunduki

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii imekuwa kibwagizo cha kila mkutano unaofanywa juu ya Sudan. Mabalozi huitaja wakifungua vikao, mawaziri huikariri wakivifunga, na hata sisi makanisani tumeizoea mno hadi tumeacha kuuliza kama inafaa. Haifai. Fahali hana kisa na nyasi. Azikanyagapo, macho yake huwa kwa fahali mwenzake. Katika mji wa El Fasher, huko Darfur, nyasi ndizo zilizowindwa. Kikosi cha RSF kiliuzingira mji huo tangu Mei 2024, baadaye kikauzungushia kuta za udongo ili asitoke mtu wala usiingie mzigo, na mzingiro huo ukaendelea kwa zaidi ya siku 500. Wakazi walifikia kula mashudu ya karanga, chakula ambacho awali walikuwa wakiwapa mifugo. Tarehe 26 Oktoba 2025 mji ukaanguka. Katika Hospitali ya Uzazi ya Saudia mjini humo, Shirika la Afya Duniani lilisema limepokea habari za kuuawa kwa wagonjwa na jamaa zao zaidi ya 460. Watu hao hawakukanyagwa kwa bahati mbaya.

Ugomvi wetu katika makala haya si na majenerali peke yao, kwani hao matendo yao yamekwisha kuwatangaza. Ugomvi wetu ni na utaratibu mzima wa wakubwa wa dunia, serikali yetu ya Kenya ikiwa miongoni mwao, uliompa mwenye bunduki mamlaka mawili kwa wakati mmoja: ndiye mwenye kiti penye meza ya amani, na ndiye mwenye ufunguo wa ghala la chakula. Mtu aliyepewa mawili hayo ana sababu gani ya kuacha vita?

Na tukumbuke hawa ni nani. Jenerali Abdel Fattah al-Burhan wa jeshi la taifa na Mohamed Hamdan Dagalo, aitwaye Hemedti, wa RSF, walikuwa washirika kabla ya kuwa maadui. RSF iliundwa mwaka 2013 kutokana na wanamgambo wa Janjaweed walioiteketeza Darfur kuanzia 2003. Umma wa Sudan, yaani vijana, madaktari, walimu na akina mama wauza chai, ulijaa barabarani bila silaha hadi Omar al-Bashir akaanguka Aprili 2019. Tarehe 3 Juni mwaka huo huo, wenye bunduki wakawamiminia risasi waandamanaji waliopiga kambi mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum, na zaidi ya watu 100 wakauawa. Je, diplomasia ilifanya nini? Iliwashauri raia wagawane madaraka na wauaji wao. Oktoba 2021 majenerali hao wawili wakaipindua serikali ile ya ubia. Je, diplomasia ilifanya nini tena? Iliwarudisha mezani, na Desemba 2022 ukatiwa saini mkataba mwingine. Jeshi likataka RSF iunganishwe nalo katika muda wa miaka miwili; RSF ikataka miaka kumi. Ubishi huo wa hesabu ndio uliolipuka tarehe 15 Aprili 2023, katikati ya mwezi mtukufu wa Ramadhani. Zaidi ya watu milioni 12 walifukuzwa makwao na vita hivyo, na milioni kadhaa kati yao wakavuka mipaka kuingia Chad, Misri, Sudan Kusini na kwingineko.

Mwezi haujatimia tangu vita kuanza, wajumbe wa pande zote mbili wakaketi Jeddah chini ya udhamini wa Saudia na Marekani, na tarehe 11 Mei 2023 wakatia saini ahadi ya kuwalinda raia na kuruhusu misaada. Tuliisoma ahadi ile. Ilikuwa na maneno mazuri kuliko mahubiri mengi. Mwezi uliofuata, mjini El Geneina, watu wa kabila la Masalit wakachinjwa na RSF pamoja na wanamgambo washirika wake, na jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa likakadiria baadaye kwamba waliouawa mjini humo mwaka huo walikuwa kati ya 10,000 na 15,000. Hakuna aliyeondolewa mezani kwa ajili hiyo. Kiti kilibaki pale pale, kikimngoja mwenyewe atakapopata nafasi.

Sasa tuingie katika habari ya chakula, maana hapa ndipo penye siri ambayo wengi wetu hatuelezwi.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa hufanya kazi kwa ridhaa ya serikali inayotambuliwa. Serikali hiyo ndiyo itoayo viza, ndiyo itoayo vibali vya safari, ndiyo isemayo lori lipite njia ipi na ndege itue wapi. Katika nchi yenye amani utaratibu huu hauna ubaya. Lakini katika vita vya ndani, serikali hiyo ni mmoja wa wapiganaji, na wenye njaa wako katika eneo la adui wake. Februari 2024 wakuu wa jeshi walipiga marufuku misaada kupitia kivuko cha Adré, mpakani mwa Chad, ilhali hicho ndicho kilichokuwa mlango mfupi na salama kuelekea Darfur. Walisema kwamba silaha za adui zilikuwa zikipitia hapo. Huenda zilipita. Lakini silaha haziombi kibali. Kilichozuiwa ni mtama, mafuta ya kupikia na dawa, vitu vinavyosafiri mchana kwa lori lenye nembo. Kivuko cha Tine kilichoachwa wazi, kaskazini zaidi, kilikuwa na barabara zisizopitika masika yakianza. Tarehe 1 Agosti 2024 kamati ya kimataifa inayochunguza njaa ikathibitisha kwamba baa la njaa lilikuwa limeingia kambi ya Zamzam, karibu na El Fasher. Tarehe 15 Agosti Adré ikafunguliwa, kwa miezi mitatu tu, kana kwamba njaa nayo hutolewa kibali cha muda. Na Desemba, wachunguzi walipokuwa karibu kutangaza kwamba baa hilo limeenea katika maeneo matano, serikali ile ilijitoa katika mfumo wa kimataifa wa kupima njaa. Mgonjwa akizidiwa, vunja kipimajoto.

Asije mtu akasema tunaipendelea RSF. RSF haikuhitaji kibali wala mhuri, ilipora tu. Ilipoiteka Wad Madani Desemba 2023, ghala la Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lililokuwa na akiba ya kuwatosha karibu watu milioni moja na nusu kwa mwezi mmoja lilisombwa. Aprili 2025 kikosi hicho kiliivamia Zamzam yenyewe, kambi ya watu waliokwisha kufa njaa nusu, kikawaua hata wahudumu wa afya waliokuwa wakiwatibu. Nalo jeshi, kwa ndege zake, lililipua soko la Kabkabiya tarehe 9 Desemba 2024, siku ya gulio, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wapiganaji hawa wametofautiana kwa sare za mavazi.

Sisi Wakenya hatuna haki ya kujifanya kwamba mambo haya ni mapya kwetu. Yaliendeshwa kutoka ardhini mwetu. Baada ya njaa ya 1988 kuua watu wapatao robo milioni kusini mwa Sudan, Umoja wa Mataifa ulifanya makubaliano mwaka 1989 na serikali ya Khartoum pamoja na waasi wa SPLA, ukaanzisha ile kazi kubwa ya Operation Lifeline Sudan. Lokichoggio, kituo kidogo cha Turkana, kikageuka uwanja wenye shughuli nyingi za ndege za misaada. Maisha ya watu wengi mno yaliokolewa, na hilo hatulifichi. Lakini makubaliano yale yaliiachia Khartoum uwezo wa kukataa ndege. Februari na Machi 1998, vita vilipopamba moto karibu na Wau, Khartoum ilizuia safari za ndege kwenda Bahr el Ghazal, na marubani wakakaa Lokichoggio wakitazama anga lililo wazi. Njaa ya mwaka huo iliua makumi ya maelfu. Chakula kilipofika, wapiganaji wa SPLA nao waliwatoza wananchi sehemu yake. Somo hili lilikuwa limeandikwa tayari, tena karibu na nyumbani, robo karne kabla ya Adré kufungwa.

Wala tusiende Sudan kutafuta mfano. Wanaoyakumbuka machafuko ya kikabila ya miaka ya 1991 hadi 1994 katika Bonde la Ufa wanaikumbuka Maela. Wakimbizi wa ndani walikuwa kambini wakihudumiwa na makanisa. Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilikuwa na mpango wa kuwarudisha makwao, kwa ushirikiano na serikali ile ile ambayo maafisa wake walituhumiwa kuwachochea washambuliaji. Desemba 1994 kambi ikabomolewa, watu wakapakiwa ndani ya malori usiku na kwenda kutupwa Mkoa wa Kati. Mhisani akishirikiana na mtesi kwa jina la ushirikiano, atakayelipa ni yule aliyelala chini ya turubai.

Watatujibu kwamba bila ridhaa ya serikali hakuna msaada, kwa sababu enzi ya taifa haiguswi. Hoja hii twaifahamu. Tuliambiwa maneno hayo hayo hapa nyumbani baada ya Saba Saba ya 1990, kwamba anayezungumza na wageni juu ya kuteswa kwake ameiuza nchi. Novemba 1991 wahisani waliokutana Paris wakasimamisha misaada mipya, na Desemba kifungu cha 2A kikafutwa katika Katiba. Tusidanganyane: si Paris iliyoleta vyama vingi, ni wale waliopigwa virungu Kamukunji na kufungwa bila kushtakiwa. Lakini tulijua tangu siku ile kwamba enzi ni mali ya raia, na kwamba mtawala anayewanyima raia wake chakula hawezi kujificha nyuma yao. Sheria ya vita yenyewe hairuhusu ridhaa ya misaada izuiliwe kiholela. Na njia ya kuivuka ridhaa hiyo iliwahi kupatikana: Julai 2014, kwa azimio namba 2165, Baraza la Usalama liliruhusu misaada iingie Syria kupitia vivuko vinne bila kungoja kibali cha Damascus. Ilitokea. Iliendelea kwa miaka, ingawa Urusi iliivifunga vivuko kimoja baada ya kingine kwa kura yake. Kwa Sudan, Baraza lilitoa azimio Juni 2024 likiitaka RSF iondoe mzingiro wa El Fasher, na RSF ikalisikiliza jinsi mwamba unavyoisikiliza mvua. Novemba mwaka huo azimio jingine la kulinda raia likauawa na kura ya turufu ya Urusi.

Hapa ndipo tunapotakiwa kuitazama Nairobi bila haya.

Kuna wakati Kenya iliheshimiwa katika jambo hili. Jenerali Lazaro Sumbeiywo aliwakalisha Khartoum na SPLA Machakos mwaka 2002, akawavumilia Naivasha, na tarehe 9 Januari 2005 mkataba ukatiwa saini katika uwanja wa Nyayo. Tulijivuna, na tulistahili. Hata hivyo mkataba ule ulikuwa na tundu lake: waliokaa mezani ni wenye majeshi mawili tu, na Darfur, iliyokuwa ikiungua wakati ule ule, iliwekwa kando isije ikaharibu sherehe. Wanamgambo waliokuwa wakiichoma Darfur siku zile ndio walioizaa RSF.

Wenye kumbukumbu makanisani watatukumbusha pia Wunlit. Februari na Machi 1999 Baraza la Makanisa la Sudan Mpya liliwakutanisha Wadinka na Wanuer katika kijiji hicho cha Bahr el Ghazal, machifu, wanawake na wazee wa dini, kila mmoja akieleza hadharani aliyotendewa na aliyotenda. Hapakuwa na mahoteli. Wakakubaliana juu ya malisho, maji, ng'ombe walioibwa na watoto waliotekwa. Amani ile ililetwa na watu waliokuwa na kitu cha kupoteza.

Sasa itazame Kenya ya miaka ya karibuni. IGAD ilimteua Rais William Ruto Juni 2023 aongoze kundi la nchi nne za upatanishi. Jeshi la Sudan likamkataa likidai anaegemea upande mmoja. Mwenye busara angefanya kila awezalo kuyakanusha madai hayo kwa matendo. Januari 2024 Hemedti akapokewa Nairobi kwa taadhima za kiongozi wa nchi. Na Februari 2025 RSF na washirika wake wakafanya mkutano wao katika ukumbi wa KICC, wakatia saini hapa Nairobi hati ya kuunda serikali yao sambamba. Wiki chache kabla, mnamo tarehe 7 Januari, Marekani ilikuwa imetangaza kwamba wapiganaji wa kikosi hicho wametenda mauaji ya kimbari.

Serikali yetu ilijitetea kwamba ilitoa jukwaa tu, kama ilivyofanya kwa wengine zamani. Hapana. Mpatanishi hutoa viti viwili. Anayetoa ukumbi ili upande mmoja utangaze dola, wakati mji wa El Fasher umezingirwa na upande huo huo, huyo ni mwenyeji wa harusi, si mpatanishi. Khartoum ikamwita balozi wake nyumbani, na Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya. Nasi tukaanza kulia. Tulilia chai! Kurasa zilijaa hesabu za hasara ya wakulima na wauzaji, hasara ya kweli ambayo hatuidharau, lakini ni wachache walioandika kwamba kule Zamzam, siku zile zile, watoto walikuwa wakifa.

Kuhusu wauza silaha tutasema kwa ufupi kwa sababu jambo lenyewe halina fumbo. Jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilisema mapema 2024 kwamba madai ya Umoja wa Falme za Kiarabu kuipelekea RSF silaha kupitia Chad yalikuwa na msingi wa kuaminika. Abu Dhabi imekanusha daima. Dhahabu ya Sudan, ya pande zote mbili, imekuwa ikielekea huko kwa wingi. Misri nayo ilisimama na jeshi. Kisha nchi hizo hizo hualikwa kama wahisani na wasuluhishi. Mkutano wa London wa tarehe 15 Aprili 2025, uliofanyika miaka miwili kamili tangu vita kuanza, ulivunjika bila tamko la pamoja kwa sababu majirani wa Kiarabu hawakuafikiana juu ya maneno yake. Ahadi za fedha zilitolewa. Fedha ni rahisi kuliko kumwambia rafiki aache.

Je, ni nani waliowalisha Wasudan wakati huu wote? Si sisi, wala si London. Ni wale vijana wa kamati za mitaa waliomwangusha Bashir. Vita vilipoanza waligeuza mtandao wao wa maandamano kuwa vyumba vya dharura, wakapika ful na dengu katika masufuria makubwa, kwenye majiko ya pamoja wayaitayo takaya, wakahamisha majeruhi, wakarekebisha mabomba ya maji. Walikamatwa na jeshi kwa tuhuma za kuisaidia RSF, wakakamatwa na RSF kwa tuhuma za kulisaidia jeshi, na baadhi yao wakauawa. Mwaka 2025 walipewa tuzo ya Rafto na ile ya Right Livelihood. Mwaka huo huo, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari, mamia ya majiko yao yalizimika kwa siku chache, maana fedha za dola moja kubwa ndizo zilizokuwa zikinunua dengu. Tunajiuliza ni kongamano gani la amani lililowahi kuwapa hawa kiti cha mbele. Mara nyingi wamewekwa katika chumba cha pembeni, wakapigwa picha, wakaombwa watoe maoni ya jamii.

Basi haya ndiyo tunayoyadai, na tunaomba kila parokia, kila kikundi cha wanawake na kila mwanamageuzi ayabebe kwa sauti yake. Kenya isimame katika Umoja wa Afrika na katika Umoja wa Mataifa idai vivuko vya mpakani vilivyo huru na ridhaa ya majenerali, kwa mfano wa 2014. Isitambue kwa neno wala kwa ukumbi serikali yoyote iliyotangazwa na RSF, na wala isilichukulie jeshi kuwa ndilo umma wa Sudan. Michango yetu ya makanisa, ambayo kila mwaka hupitia mikono mingi kabla ya kufika, ielekezwe kwa majiko ya mitaani kupitia jamaa zao waliopo hapa Nairobi na Kakuma, ambao wanajua jiko lipi linawaka na lipi limezimika. Vikwazo vya silaha vilivyowekwa kwa Darfur tangu 2004 na 2005 vipanuliwe vifunike Sudan nzima, na anayevivunja atajwe kwa jina, hata akiwa rafiki wa biashara yetu.

Na kwa wabunge wetu tuna swali ambalo tunataka waliulize bungeni, kwa maandishi, wapewe jibu kwa maandishi: mkutano ule wa Februari 2025 uliidhinishwa na nani, kwa gharama ya nani, na wananchi wa Kenya waliulizwa lini?